Kukariri

Nilikariri darasa la nne.
Neno lenyewe ndumilakuwili:
kukariri ni kulishika somo kichwani,
na kukariri ni kuachwa nyuma na somo hilohilo.
Mwalimu Kyando aliliandika kwa wino mwekundu,
nami nikashuka nalo Katumba kwenye mvua
nikiomba wino uchuruzike.
Ulichuruzika. Ukahamia vidoleni.

Mama alikuwa kati ya mistari ya chai,
nailoni kiunoni, kikapu mgongoni,
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
anarusha juu ya bega bila kutazama.
"Kichaka hiki," akasema, hakugeuka,
"nimekirudia tangu hujazaliwa.
Kila wiki mbili, hikihiki.
Nikikiacha kinaanza kujiona mti."
Akachuma.
"Na mti wa chai hakuna anayeunywa."

Mwaka ule nikakaa mbele, na wafupi,
magoti yakigonga dawati.
Nikasikia mara ya pili habari za mito,
na ndipo nikang'amua kwamba Kiwira wa ramani
ndio huo huo ninaouvuka kwenda kwa shangazi,
ulioninyang'anya kandambili moja wakati wa masika.
Mara ya kwanza nilisikia jina.
Mara ya pili nikasikia maji.

Lugha yetu nayo haioni haya kukariri.
Sema pole, umemfariji mfiwa;
sema polepole, umemshika mkono kwenye utelezi.
Maji ni uhai, majimaji ni uji wa Bupe.
Kulia kuna msiba ndani yake,
kulialia kuna andazi.
Na sawa ya mama ilikuwa kukubali,
lakini sawa, sawa yake,
ukiisikia, toka nje.
Neno likirudi halirudi kama lilivyoondoka.
Linarudi na udongo kwenye viatu.

Siku hizi mimi ni karani wa mizani.
Naandika majina yaleyale kwenye daftari lilelile:
Subilaga, kilo kumi na nane.
Tusajigwe, ishirini na mbili, toa moja ya maji.
Kisha napanda nyumbani.

"Gwamaka, mvua imekata?"
"Bado, mama."
Anautazama moto. Mabati yanapigwa, migomba inalalama.
"Gwamaka, mvua imekata?"
Bupe anasonya: "Si umeshamwambia!"
Nimeshamwambia. Mara tisa tangu sufuria liinjikwe.
Niseme kweli: jana, mara ya tatu,
nilimjibu kama mlango uliobamizwa na upepo.
Akanyamaza. Nikauona uso wake
ukitafuta kosa ambalo haukumbuki kulifanya.

Kwa hiyo leo najibu ya kumi kama ya kwanza.
Hapana, naongopa. Ya kumi si kama ya kwanza.
Ya kwanza nilikuwa nampa habari za mvua.
Ya kumi, mvua haimo kabisa.

Vidole vyake viko juu ya blanketi,
kidole gumba na cha shahada,
vinachuma vinyuzi vya sufu, viwili na kimoja,
viwili na kimoja,
vinarusha juu ya bega
ambako hakuna kikapu tangu mwaka juzi.
Asubuhi Bupe hufagia pale nyuma ya kitanda
na hasemi kitu.

Usiku wa manane mvua ikakata kweli.
Kimya kikaniamsha, kama mtu aliyeniita.
Nikangoja aulize.
Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo,
mikono imetulia.
Nikamwambia hata hivyo:
"Mama. Imekata."

Nikasikia tone juu ya bati.
Kisha jingine.